Kicheko cha Sal, Gati la 45

Tramu ya laini ya F tuliyopanda ilikuwa ya rangi ya chungwa, iliyoundwa Milan mwaka 1928, na viti vyake vya mbao vinang'aa kwa kukaliwa. Ilishuka barabara ya Market, ikakata kushoto kufuata bahari. Fisherman's Wharf niliteremka, nikawapita wauza kaa bila kusimama. Kilichonileta San Francisco kilikuwa kwenye Gati la 45, ndani ya Musée Mécanique, jumba la makumbusho la mashine za kale za burudani zinazoendeshwa kwa sarafu.

Kiingilio ni bure, ila uwe na sarafu za senti 25. Mashine zinazidi 300. Edward Zelinsky alianza kuzikusanya tangu utotoni, kisha akazirithi mwanawe, Dan.

Nilimwendea Laffing Sal kwanza. Ni mwanamke mnene wa karatasi na gundi, amenizidi kimo, nywele nyekundu, pengo mdomoni. Makazi yake ya zamani yalikuwa Playland, kiwanja cha burudani cha Ocean Beach kilichofungwa mwaka 1972. Nikatumbukiza sarafu. Akainama, akarusha mikono, akaangua kicheko kilichojaza ukumbi mzima. Enzi zile sauti ilitoka kwenye santuri iliyofichwa chini ya miguu yake. Ilipoisha, mhudumu alirudisha sindano mwanzo.

“Utotoni nilikuwa namkimbia huyu,” mzee mmoja aliyesimama kando yangu aliniambia, huku anacheka kuliko Sal mwenyewe. Mjukuu wake alikuwa amejificha nyuma ya koti lake.

Lakini mashine iliyonikalisha ni mutoskopu, sinema ya mtu mmoja iliyobuniwa mwishoni mwa karne ya 19. Unachungulia tunduni, taa inawaka, unazungusha mkono wa chuma, na kadi za picha zinaanguka moja baada ya nyingine hadi mchezaji ngoma anapata uhai. Kasi ni yako. Nilipopunguza, alipunguza; niliposimama, mguu wake ukabaki hewani, nami nikapata nafasi ya kuutazama uso wake. Simu yangu ina video chungu nzima, wala hakuna hata moja iliyowahi kunihitaji hivyo.

Mei 2020 moto uliteketeza ghala kubwa kwenye gati hilihili. Jumba la mashine likapona. Nilipoikumbuka habari hiyo mbele ya piano inayojipiga yenyewe, nilishukuru kwa sauti, tena kwa Kiswahili.

Sarafu ziliponiishia, nilitoa noti nyingine nikaenda kuchenji.