Tembo la Mchikichi: Safari ya Mjukuu wa Mgema Kwenda Kigoma

Babu yangu alikuwa mgema wa tembo, ile pombe ya utomvu wa mnazi, huko Pangani, na kitu cha kwanza ninachokikumbuka juu yake ni kotama, kile kisu chake kipana kilichopinda, ambacho sisi wajukuu tulikatazwa hata kukigusa. Kila alfajiri na kila jioni alipanda minazi ile ile kwa vidato alivyovichonga mwenyewe, akakata ncha ya karara, lile ala la maua ya mnazi, kwa unene wa ukucha, kisha akatundika kibuyu chini ya jeraha. Karara linalogemwa halizai nazi. Ndiyo maana nyumbani kwetu tembo halikukosekana, lakini nazi za kupikia bibi alinunua kwa jirani, tena kwa manung'uniko.

Niliposikia watu wakiisifu michikichi ya Kigoma na mawese yake, swali lililonijia halikuhusu mafuta hata kidogo. Nilitaka kujua kama nao hugema, na kama hugema, wanaacha nini ili wapate kinywaji hicho. Mwezi wa Juni nikapanda treni Dar es Salaam.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kutoka pwani hadi ziwani ni takriban kilomita 1,250, mwendo unaomtosha abiria kuwajua jirani zake wote wa behewa. Baada ya Tabora, pale tawi la Mwanza linapochepuka, mama mmoja mfanyabiashara wa mawese alihamia kiti cha mbele yangu na kuniuliza ninakwenda kwa nani. Nilipomweleza nia yangu alicheka mpaka akajifunika uso kwa upande wa kanga. "Mchikichi ni mama, mwanangu," alisema. "Ukimkamua wewe, watoto wake watanyonya nini?"

Karibu na Malagarasi mivumo, miti ya jamii moja na minazi na michikichi, ilianza kuonekana dirishani, mirefu, imetuna katikati ya shina kama chatu aliyemeza mbuzi. Mvumo nao hugemwa. Huko Banfora, Burkina Faso, tembo lake huitwa banji, na watu hulinywea palepale lilipogemwa. Katika baadhi ya sehemu za Côte d'Ivoire, hata hivyo, mgema hukikata kichipukizi cha kileleni, na kwa kuwa mvumo una kichipukizi hicho kimoja tu, mti hutoa utomvu kwa majuma kadhaa kisha hufa. Nilimsimulia mama yule habari hizo nikidhani zitamshangaza. Alisema tu kwamba mwenye kufanya hivyo hana wajukuu.

Kigoma nilipokewa na binamu wa rafiki yangu, mtu mkarimu ambaye, kama karibu kila mtu niliyezungumza naye mjini, alinieleza katika dakika kumi za mwanzo kwamba Wamalaysia walichukua mbegu ya michikichi hapa Kigoma wakatajirika. Sikutaka kumvunjia adabu mwenyeji wangu, ila ukweli ni kwamba mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki yalianza na miche minne iliyopandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848; uzao wake ukapelekwa Sumatra, kisha Malaysia, ambako shamba la kwanza la biashara lilipandwa mwaka 1917. Hadithi hiyo ya Kigoma naiona ni njia ya watu kusema kwamba mti wao ungeweza kuwapa zaidi ya unavyowapa sasa, na kwa hilo sina ubishi nao.

Siku mbili niliulizia tembo bila mafanikio. Ujiji, ambako wageni hupelekwa kuiona kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana hapo mwaka 1871, ni mji wa misikiti, na mzee niliyemuuliza barazani alinitazama kwa huruma akabadilisha mazungumzo. Wengine walinielekeza kwenye pombe ya ndizi. Siku ya tatu mwenyeji wangu alikumbuka kwamba, nje kidogo ya Mwandiga, kuna mzee anayeng'oa michikichi yake mikongwe ili apande tenera, ile mbegu chotara ambayo ganda la kokwa yake ni jembamba na nyama yake ya mafuta ni nene. Tangu serikali ianze kulipigia debe zao hili mwaka 2018, miche ya aina hiyo inatafutwa sana. Na mchikichi ukishaangushwa, alisema, mzee huyo huwa hauachi ukauke hivihivi.

Tulifika asubuhi, umande haujakauka. "Mwakeye, mzee," nilisema kwa Kiha changu cha kuazima, naye akanijibu kwa Kiswahili cha Ujiji na kuniambia baba yake alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kalemie, Kongo, ndiko alikojifunzia kazi hii.

Mchikichi ulilala chini, makuti yameshafyekwa, umekaa hivyo zaidi ya juma moja. Karibu na kilele, pale penye nyama laini, mzee alikuwa amechonga tundu la mraba la kuingiza ngumi, na chini yake ametoboa njia nyembamba iliyotiwa bomba la mwanzi linaloishia kwenye mdomo wa dumu. Aliondoa jani la mgomba lililofunika tundu, na vijinzi vikaruka kama moshi. Akachukua kisu, akakwangua ukuta wa ndani na kutoa tabaka jembamba lililokwisha kuwa la kahawia, mpaka weupe ukaonekana. Kisha akawasha bua la nyasi kavu, akaliingiza tunduni kwa muda wa pumzi mbili tatu na kulitoa. "Usipolichoma, linalala," alisema. Tukakaa kimya. Matone yakaanza kushuka kwenye mwanzi, kwanza moja moja, kisha yakaungana yakawa uzi.

Namna hii ya kugema mti uliolala ndiyo wanayoitumia sana Ghana. Wagema wa kusini mwa Nigeria hupanda mti uliosimama na kugema ua dume. Hapo ndipo nilipouona ujanja wa mchikichi ambao mnazi hauna: mchikichi hutoa maua dume na maua jike kwenye mikungu tofauti, kwa zamu, na mgema anayegema la dume haupunguzii mti hata chikichi moja. Waigbo wamelipa tembo lao heshima inayolingana na neema hiyo, kwani bibi arusi hukabidhiwa kikombe chake akamtafute mumewe kati ya umati wa wageni, na anapompa anywe, ndoa imetangazwa. Wagiriama wa pwani ya Kenya nao hawakamilishi mahari bila tembo la mnazi. Nilimuuliza mzee kwa nini yeye hapandi kugema maua dume. Alinionyesha mti uliosimama jirani, mrefu kuliko mnara wa msikiti mdogo, akaniuliza kama mimi ningepanda mara mbili kwa siku kwa ajili ya kitu ambacho majirani hawakinunui.

Alinimiminia kikombe cha lile la usiku. Rangi yake ni ya maji ya mchele, povu jepesi juu, na ladha yake ni kama madafu yaliyotiwa sukari na kuachwa karibu na hamira. Utomvu ukitoka mtini ni sukari tupu na maji, lakini chachu iliyo hewani na ndani ya dumu huanza kazi papo hapo. Asubuhi ni kinywaji cha watoto, jioni ni cha wazee, na kesho yake ni siki. Nililisifu kwa maneno mengi mno. Mzee akatabasamu: "Mgema akisifiwa..." akaniachia nimalizie mwenyewe.

Alinipa chupa ya lita moja na nusu, akakataa hela, akanionya nisikaze kifuniko. Mimi, mjukuu wa mgema, nilikikaza, kwa kuogopa kulowesha nguo. Kabla ya kufika Uvinza begi lilitoa mlio kama wa bunduki ya gobori, na behewa zima likajua nilichobeba. Nusu iliyobaki niliifikisha Pangani siku nne baadaye, ikiwa kali kiasi cha kutoa machozi. Shangazi aliinusa, akaimimina yote kwenye mtungi wa achari ya maembe, kisha akaniuliza mawese huko Kigoma ni bei gani.