Nyanya, ngege na Keats

Juzi usiku hapa Kisumu stima ilipotea nikalala mapema, nikaota nyanya yangu, bibi mzaa wazazi, alituacha kitambo, amekaa pale ufuoni Dunga anaparua ngege, wale samaki wa ziwa, huku ananigombeza eti nimechelewa. Nikaamka saa tisa nikakaa tu kwa giza sijui kama nimeamka kweli ama bado. Hapo ndo nikamkumbuka John Keats, yule mshairi Mwingereza wa shairi la 1819 la ndege anayeimba usiku, anasikiza mpaka kifo kinaanza kukaa kitamu, halafu ndege anaenda zake na jamaa anabaki anajiuliza kama yuko macho ama amelala. Swali lenyewe halijibiwi, na ni poa hivyo. 1821 TB ikammaliza huko Roma, miaka 25 tu!, na kaburi lake halina jina, wameandika jina lake liliandikwa kwenye maji.

Lakini msiniambie haya ni ya wazungu, Al-Inkishafi, ule utenzi wetu wa zamani wa Kiswahili, inauliza moyo matajiri wa Pate, kile kisiwa cha huko Lamu, wako wapi, majumba yao yamebaki na popo. Keats ananibembeleza, huyu mshairi wetu anakaripia, kama nyanya tu.

Na wale ngege sijui alikuwa anawapikia kina nani.