Neno "ametulia" haliandikwi kwenye daftari letu

Watu ninaowahudumia ni watatu, watu wazima wenye ulemavu wa akili, na majina yao si yangu kuyatangaza. Juzi niliwauliza niwaite nani nikiandika. Mmoja alijibu "Kapteni" hata sijamaliza swali. Wa pili akasema Malkia. Wa tatu hasemi kwa maneno, basi nikampangia picha mezani. Akaipita mashua, akalipita ua, akamgonga jogoo kwa kidole mara mbili. Haya, Jogoo.

Nyumba yetu ni ya kupanga, mtaa wa Maweni, Malindi. Ina vyumba vinne na mwarobaini uani. Kila mmoja ana chumba chake na ufunguo wake, familia zinachangia kodi, nasi walezi wawili tunapokezana zamu ya mchana na usiku. Leo ni yangu.

Saa kumi na mbili asubuhi naweka chai ya tangawizi jikoni. Simwamshi mtu. Malkia huamka saa mbili akipenda, naye kwa kawaida hupenda.

Kapteni ndiye wa kwanza kutoka, shati begani. Vifungo saba. Vidole vyake vifupi na vinene, shati jipya, tundu zimekaza. Cha kwanza kinaingia. Cha pili kinaingia tundu la tatu. Anatazama chini, anacheka, anakitoa. Mimi mikono nimeiviringisha ndani ya leso, maana nikiiacha wazi itakwenda yenyewe. Ningevifunga vyote kwa nusu dakika. Yeye anatumia dakika kumi na nne, na chai yangu imepoa. "Kola, Kapteni." Anailaza. Watu huniuliza kazi yangu hasa ni nini, na siku nyingi ni hiyo: kungoja bila kukunja uso.

Saa moja na nusu, dawa. Jogoo ana kifafa na hunywa kabamazepini asubuhi na jioni. Kidonge kisahanini, maji kando, anameza, ndipo natia sahihi. Nasema "ndipo" kwa sababu nilikofanya kazi zamani, na sitapataja, sahihi za wiki nzima zilitiwa Jumatatu asubuhi kwa kalamu moja.

Saa tatu tuktuk imefika na hapo ndipo nilipoharibu. Dereva anapiga honi, Jogoo ameinamia kamba za viatu, na mimi, mjuaji, nikapiga magoti nikamfungia. Akanitazama. Akazifungua zote mbili, akavua na viatu, akaanza upya na soksi. Dereva akazima injini. Nilistahili.

Tunamshusha Kapteni ufukweni, kwa wavuvi, anakosaidia kuvuta nyavu na kusugua mashua. Sisi wengine tunaendelea sokoni. Leo ni zamu ya Malkia kuchagua kitoweo. Amesimama mbele ya meza ya samaki, mikono kiunoni. Mwuzaji ananigeukia mimi.

"Huyu mgonjwa wako ataka nini?"

"Si mgonjwa, ami. Muulize mwenyewe, yuko hapo."

Sipendi kuhutubia watu sokoni, lakini Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha, na nadhani Katiba ilikusudia hata meza ya samaki. Mwuzaji akakohoa, akamwuliza. Malkia akambonyeza changu mmoja, akafungua shavu la mwingine akaangalia wekundu, akawakataa wote, akachukua tafi. Noti anazijua kwa rangi, sarafu kwa wanyama: ishirini ni ndovu, kumi ni simba. Aliporudishiwa chenji alinyoosha kiganja tena. "Simba mmoja hayuko." Kweli hakuwako. Nilikuwa nimehesabu vibaya mimi pia.

Saa saba Kapteni anarudi kwa miguu akinuka chumvi, ameshalipwa mia moja na hamsini. Pesa hizo zina historia. Miezi ya mwanzo mwenye mashua alimpa "ya chai" tu, hali wenzake walilipwa. Nilikwenda mara tatu kuzungumza naye. Mara ya tatu sikusema kitu. Kapteni mwenyewe aliketi ndani ya mashua akakataa kushuka. Sasa analipwa sawa na wenzake. Leo pesa zote amenunulia mabuyu, mfuko mzima, amekuja na midomo myekundu. Ulimi ulinicheza kumwambia angeweka akiba.

Nilijizuia kwa sababu ya mtoto wa mamangu mdogo, anayefanya kazi kama yangu Uingereza na hunitumia ujumbe wa sauti ndefu kama khutba. Kwao, anasema, mtu hutia sahihi mkataba wa nyumba yake, mlezi hubisha hodi kama mgeni, na sheria yao ya 2005 kuhusu uwezo wa kuamua inasema mtu asihesabiwe hana uwezo eti kwa sababu tu ameamua jambo lisilo la busara. Mimi mwenyewe nina simu niliyoinunua kwa mkopo. Nani aniulize?

Lakini huyo huyo haniachi nikaisifu Uingereza kupita kiasi. Ndiye aliyenisimulia habari ya Winterbourne View, hospitali ya binafsi ya watu wenye ulemavu wa akili karibu na Bristol. Mwaka 2011 kamera ya siri ya BBC ilionyesha wahudumu wakiwapiga na kuwadhihaki waliopaswa kuwatunza, na kumi na mmoja wakahukumiwa. Muuguzi wa humo humo alikuwa ameshaitahadharisha tume ya ukaguzi, isichukue hatua. Kila nikikumbuka hilo naliangalia daftari letu la zamu kwa jicho jingine.

Saa tisa na dakika kumi na mbili. Najua dakika kwa kuwa ndilo jambo la kwanza unalofanya: kutazama saa. Jogoo alikuwa chini ya mwarobaini akipanga vizibo vya soda, akaanguka ubavu. Nikaisogeza meza, nikamwekea leso chini ya kichwa, nikamlegeza kola. Mama jirani akaruka uani na kijiko.

"Mtie mdomoni, atajing'ata ulimi!"

"Hapana, shangazi. Kitamvunja meno."

Humshiki mtu mikono, humtii kitu kinywani. Unangoja, tena kungoja kule kule kwa vifungo, ila sasa moyo uko kooni. Ikifika dakika tano ni hospitali bila mjadala. Ilikwisha baada ya mbili. Nikamlaza ubavu mate yatoke, nikakaa naye chini mpaka macho yakarudi. Shangazi alishaanza kunong'ona habari za jini. Sikubishana naye; nilimpa kazi ya kuwafukuza watoto waliopanda ukutani kutazama, na aliifanya vizuri sana. Jogoo alipoamka aligundua suruali imelowa, akajifunika uso. Malkia, ambaye hakuna aliyemwita, alileta kanga yake mwenyewe akamfunika kiunoni, akarudi zake ndani.

Jioni Malkia alikuna nazi kwenye mbuzi, Kapteni akaosha mchele, mimi nikapaka tafi. Hakuna la zaidi, ila wali uliungua kidogo chini na tukagombania ukoko.

Saa tatu usiku, daftari. Nilikokuwa zamani neno letu lilikuwa "ametulia". Mama mmoja alikalishwa kwenye kiti kinachotazama ukuta, asubuhi hadi magharibi, nasi tukaandika: ametulia. Mkaguzi alipopita alikuta sakafu inang'aa na daftari limejaa utulivu, akatupongeza. Hata mimi niliandika, tena kwa mwandiko mzuri. Hapa tulikubaliana na mwenzangu wa zamu kulifuta neno hilo. Unaandika mtu alichagua nini, alikataa nini, nani alikuja kumwona, alitoka kwenda wapi. Leo nimeandika: Jogoo, degedege dakika mbili, alikataa kufungiwa viatu (kosa langu). Malkia alidai shilingi kumi akapewa. Kapteni, mabuyu ya mia na hamsini, tumbo linamuuma, amekataa dawa, amekubali maji moto.

Kanga ya Malkia nilikuwa nimeshaifua na kuikausha. Nikaenda kumrudishia. Mlango umefungwa kwa ndani, taa inawaka, redio iko chini. Nikabisha.

"Nani?"

"Ni mimi. Nimekuletea kanga yako."

Kimya. Kitanda kililia kidogo, nikadhani anakuja.

"Kesho," akasema.

Nikaikunja kanga, nikaiweka juu ya kiti nje ya mlango wake.