Nilitua New York kabla sijaondoka Tokyo

Rafiki yangu mmoja, tumwite Bingwa kwa sababu amewahi kupanda ndege, aliikodolea macho tiketi yangu ya New York kwenda Tokyo. Kuondoka saa 6 mchana, kufika saa 10 alasiri kesho yake. "Kaka, saa 28 hizo. Jipange." Nikajipanga: mto wa shingo, vitabu vitatu, soksi jozi nne.

Lakini moyo haukutulia. Nikabandua ramani ya ukutani, nikaitandaza sakafuni na kupiga magoti, rula mkononi. Kwa kuwa miji yote miwili iko kaskazini ya ikweta na haipishani sana, nilipiga mstari ulionyooka kuelekea magharibi, nikakata Marekani nzima, nikaingia Pasifiki. Pasifiki yenyewe imekatwa pembeni mwa ramani, ikabidi nipime vipande viwili na kujumlisha. Nikapata zaidi ya kilomita 16,000. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, ni saa 18. Nilijiona profesa.

Kilichoniumbua ni tufe la dunia la mwanangu, lile la kuchezea. Nilizungusha uzi wa kushonea kwenye ikweta: sentimita 80, yaani kilomita 40,000. Kisha nikaukaza kati ya New York na Tokyo. Uzi ukagoma kulala juu ya Pasifiki! Kila nikiuvuta unateleza kwenda juu, unapita Kanada, unapita Alaska, ndipo unashuka Japani. Nikaulegeza, nikaanza upya, ukarudi kulekule. Sentimita 22 tu, kilomita 11,000. Umbali wenyewe ni kama 10,850. Kumbe ramani bapa huitanua dunia kadiri unavyoiacha ikweta, na mimi nilikuwa nimepima mtanuko kwa bidii zote.

Zikabaki saa 28 za Bingwa. Tiketi huandika saa ya kuondoka kwa saa za mji unaoondoka, na ya kufika kwa saa za mji unaofika. Majira ya baridi Tokyo iko mbele ya New York kwa saa 14 (kiangazi 13, maana New York husogeza saa zao, Japani hawana mchezo huo). Toa 14 kwenye 28. Saa 14 ndizo nilizokaa angani, na jozi tatu za soksi zilirudi hazijaguswa. Nauli ilikuwa dola elfu na ushee, kwenda na kurudi. Sikumbuki vizuri, na sitaki kukumbuka.

Tiketi ya kurudi ndiyo iliyommaliza Bingwa: kuondoka Tokyo saa 5 asubuhi, kufika New York saa 4 asubuhi, tarehe ileile. "Wamekosea kuchapa hawa, irudishe haraka." Sikurudisha. Kurudi mashariki upepo wa juu unaisukuma ndege mbele, tukatumia saa 13 hivi.

Nilimpigia simu saa 4 na nusu, nikisubiri begi.

"Mbona unapiga sasa hivi? Si unaondoka saa 5?"

"Nimeshafika, kaka."

Akakata simu.