Mkutano wa Chama Ghorofa ya Pili

Mwaka jana chama changu cha kisiasa kilifanya uchaguzi wa viongozi wa wadi, hapa Mombasa, katika ukumbi ulioko ghorofa ya pili ya jengo lisilo na lifti. Nilifika mapema kwa kiti changu cha magurudumu, nikakuta ngazi, na chini ya ngazi vijana wanne wenye nia njema. "Mama, usijali, tutakubeba," wakaniambia. Nilikataa. Mwanamke wa makamo aliyevaa buibui hapendi kupandishwa kama gunia la mchele mbele ya watu atakaowaomba kura, mbali na hatari ya kijana mmoja kuteleza na kutuangusha sote. Nilibaki chini, kando ya kibanda cha fundi cherehani, nikisikiliza makofi ya kuwapongeza viongozi waliochaguliwa bila kura yangu.

Nilipolalamika, katibu wa tawi alinijibu kwa heshima kwamba jengo si mali ya chama, bali limekodiwa, hivyo wa kuulizwa ni mwenye jengo. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, na safari hii niliamua kulipima kwa Katiba ya Kenya.

Kifungu cha 20 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba haki zilizomo katika Sura ya Nne zinawafunga watu wote, si vyombo vya Serikali pekee, na Kifungu cha 260 kinafafanua kuwa neno "mtu" linajumuisha kampuni, ushirika au kundi lolote la watu, liwe limesajiliwa au la. Basi chama nacho ni mtu. Na mtu huyo, kwa mujibu wa Kifungu cha 27, amekatazwa kumbagua mwenzake kwa msingi wa ulemavu, iwe moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Ni kweli kwamba siku ile hakuna aliyenifungia mlango, lakini uamuzi wa kukutana ghorofani ulitosha kunizuia nisitumie haki ya kushiriki shughuli za chama, ambayo Kifungu cha 38 kinampa kila raia.

Katibu hakukosea kabisa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, ambayo sasa nafasi yake imechukuliwa na ile ya 2025, iliwatwika wenye majengo yanayotumiwa na umma wajibu wa kuyarekebisha, tena ikawapa miaka mitano ya kufanya hivyo. Lakini deni la mwenye jengo halifuti deni la chama. Mwenye jengo hakumlazimisha yeyote kukodi ukumbi wake. Chama ndicho kilichochagua mahali, siku na saa.

Nakiri kwamba Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kadiri inayofaa, si kwa gharama yoyote ile. Sidhani kama tawi dogo linaweza kudaiwa lijenge lifti katika jengo la mtu mwingine, na sikudai hivyo. Nilichodai ni chumba cha chini. Vyama vinavyopata fedha kutoka Hazina ya Vyama vya Kisiasa vinatakiwa kisheria kutumia angalau asilimia 30 ya fedha hizo kuendeleza uwakilishi wa wanawake, watu wenye ulemavu, vijana na makundi mengine yaliyotengwa. Ikiwa fedha hizo hazifiki kwenye wadi, hilo ni la makao makuu kulieleza.

Mizozo baina ya mwanachama na chama chake husikilizwa na Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, lakini mlalamishi hutakiwa kwanza kuonyesha kuwa alijaribu njia za ndani ya chama. Kwa hiyo niliandika barua, nikataja vifungu, nikaomba mambo mawili: mikutano ifanyike mahali panapofikika bila kupanda ngazi, na awepo mkalimani wa lugha ya ishara, kwa kuwa mwanachama mwenzetu kiziwi huketi ukumbini saa tatu nzima akitazama midomo ya watu.

Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Mkutano ujao utafanyika katika darasa la shule ya msingi, chini kabisa, na ada yake ni nafuu kuliko ya ukumbi ule. Kuhusu mkalimani, barua haikusema neno, nami nimekwisha kuandika ya pili.