Shangazi alipoacha kuona viwili viwili

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na sindano ndiyo iliyomwambia. Aliinua mkono kutunga uzi, akaona sindano mbili. Akafumba jicho la kushoto, ikabaki moja. Akafumbua, zikarudi mbili. Akafumba la kulia, napo ikabaki moja. Alinisimulia haya Jumamosi mchana nilipopita kwake Morogoro. Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, na vitambaa vya sare vilikuwa vimejaa mpaka dirishani. Alidhani ni uchovu.

Uchovu ningeukubali. Ila alikuwa akiongea huku amebana paji la uso kwa kiganja, kwani tangu alfajiri kulikuwa na maumivu nyuma ya jicho la kushoto, makali, yasiyosikia Panadol. Nilimuuliza kama amewahi kuumwa kichwa cha namna hii.

"Hiki sikijui, baba," akanijibu. Ananiita baba kwa sababu nimerithi jina la babu.

Pale nyumbani kila mtu alikuwa na jibu lake. Shangazi anaugua sukari kwa miaka mingi, basi jirani akasema sukari imepanda. Mwingine akasema ni upepo, asomewe. Duka la dawa lilikuwa limeshampa dawa ya matone na kumwelekeza akapime miwani Jumatatu. Siwalaumu majirani, walisema kwa mapenzi. Lakini Jumatatu ilikuwa mbali mno, na nilipotaka tuondoke, shangazi akakataa: wateja wanakuja kuchukua sare.

Kufikia saa kumi kope ya juu ya jicho la kushoto ilikuwa imeshuka nusu. Baada ya magharibi ikafunga kabisa. Hapo shangazi akavuta pumzi, akasema, "Alhamdulillahi, sasa naona kimoja." Nyumba nzima ikapoa. Mumewe akaagiza chai.

Aliyetuokoa ni binti yake mkubwa. Alipiga magoti mbele ya mama yake, akaipandisha ile kope taratibu kwa kidole gumba.

"Mama, na sasa?"

"Viwili."

Kumbe hakuna kilichopona. Kope iliyoanguka ndiyo iliyokuwa imeliziba jicho, kama vile yeye mwenyewe alivyolifumba asubuhi. Na chini ya ile kope jicho lilikuwa limekaa vibaya: limeelekea nje na chini, halitaki kugeukia puani. Ugonjwa ulikuwa umeongezeka, nasi tulikuwa tunashukuru. Chai hatukuinywa. Nilisimamisha bajaji.

Kituo cha afya tulimkuta tabibu wa zamu, msichana mdogo, pengine ana mwaka mmoja kazini. Sijawahi kuona mtu akiuliza maswali kwa mpangilio vile. Ilianza ghafla au pole pole? Ukifumba jicho moja, viwili vinaondoka? Umeanguka, umegonga kichwa? Unameza vizuri? Unapotafuna, taya zinauma? Akamwambia atabasamu, aonyeshe meno, anyooshe mikono yote miwili huku amefumba macho, ataje jina lake na siku ya leo. Alikuwa anatafuta kiharusi, maana kiharusi nacho huweza kuanza kwa kuona mara mbili, hasa kikiandamana na kizunguzungu, kuyumba au ulimi mzito. Vyote vilikuwa sawa. Akamtoboa kidole, sukari imepanda kidogo tu. Presha ilikuwa juu sana.

Kisha akachukua tochi. Alimulika jicho la kulia, mboni ikasinyaa papo hapo. Akapandisha kope ya kushoto, akamulika. Mboni ile ilikuwa kubwa, nyeusi, imetanuka, na mwanga haukuitikisa. Akarudia. Akatugeukia: "Mmemtia dawa gani jichoni?" Nikamwonyesha kichupa. Ilikuwa antibayotiki ya kawaida, na alikisoma mpaka maandishi ya pembeni, kwa sababu zipo dawa za matone zinazotanua mboni na angeweza kudanganyika. Alipokirudisha mkononi mwangu alikuwa tayari anapiga simu ya gari la wagonjwa.

"Kaka, hapa hatusubiri asubuhi," aliniambia. "Kichwa kipya, kope imeanguka, mboni imetanuka. Huyu anahitaji picha ya kichwa usiku huu."

Hospitali ya mkoa walimpiga CT scan, damu haikuonekana kwenye ubongo. Wapo waliopumua. Daktari hakupumua, akaandika rufaa ya Dar es Salaam usiku uleule apigwe picha ya mishipa ya damu. Njia ile ya kama kilomita 190 naijua vizuri, Chalinze, Mlandizi, Kibaha, lakini usiku ule niliiona kwa kipande cha kioo cha nyuma tu, nimemshika shangazi mkono, nesi akipima presha na kumwambia asijikaze, asikohoe kwa nguvu.

Tulifikia Muhimbili, na majibu tulipewa pale MOI, taasisi ya mifupa na ubongo iliyo hapohapo. Mshipa wa damu chini ya ubongo ulikuwa umetuna upande mmoja kama puto, na ule uvimbe ulikuwa unakandamiza mshipa wa fahamu wa tatu, unaoinua kope, unaogeuza jicho na kusinyaza mboni. Nilimuuliza daktari mbona wote tulisema ni sukari. Alinichorea kwenye karatasi. Sukari huziba vijishipa vidogo vinavyolisha kiini cha ule mshipa wa fahamu, kwa hiyo kope inaweza kuanguka na mtu akaona viwili, lakini mara nyingi mboni husalimika. Nyuzi za mboni zinapita juu juu, pembezoni. Kinachokandamiza kutoka nje hukutana nazo mapema. Ndiyo maana yule tabibu wa Morogoro aling'ang'ania tochi. Hata hivyo, alisema daktari, mboni nzima siku ya kwanza si hakikisho, kwa sababu inaweza kutanuka siku zinazofuata, kwa hiyo mtu akianza ghafla kuona viwili aonwe siku hiyohiyo.

Uvimbe ule ulikuwa haujapasuka. Ungepasuka, damu ingemwagika kuuzunguka ubongo, na wengi hufa au hubaki na ulemavu. Sikulala usiku huo nikiwaza ile chai iliyoagizwa, na Jumatatu ya miwani.

Walimfanyia upasuaji, wakabana shingo ya ule uvimbe kwa klipu. Gharama tulichangishana ukoo mzima. Nitasema tu kwamba watu walijitoa.

Wodini alikuwepo mzee mmoja aliyekuja kumwona ndugu yake. Aliposikia habari zetu akaogopa, kwa sababu naye huona viwili. Nilimwomba afunike jicho moja. Bado viwili. Akafunika jingine, kimoja. Viwili vyake vilikuwa ndani ya jicho moja na vilimjia kwa miaka, bila maumivu. Nilimsihi aende kliniki ya macho, na baadaye nikasikia ni mtoto wa jicho. Safari moja, lakini njia yake na ya shangazi ni mbili tofauti kabisa.

Kope ya shangazi ilianza kuinuka baada ya majuma kadhaa. Jicho kugeukia puani lilichukua miezi, akishona kwa kufunika jicho moja kwa kitambaa. Mboni ya kushoto mpaka leo ni kubwa kidogo kuliko mwenzake, na jua kali linamsumbua.

Siku ya kliniki ya kwanza daktari aliuliza kama kuna mtu katika familia aliyekufa ghafla kwa kichwa. Shangazi na baba wakatazamana. Bibi, mama yao, aliinama kuchochea kuni, akashika kichwa akipiga kelele, na hakuiona jioni. Sisi tulikua tukiambiwa alirogwa. Daktari akaandika, kisha akamgeukia baba na kumwuliza kama anavuta sigara. Anavuta, tangu ujana. Akaambiwa kwamba sigara na presha ndivyo vinavyoulisha ugonjwa huu, na kwamba mwenye mama na dada wa namna hiyo hana budi kupigwa picha ya mishipa hata kama haumwi popote. Baba alipigwa, mishipa ikakutwa salama. Sigara ameacha, na kipimo cha presha anacho chumbani.