Chupa ya Fanta kule Khwisero

Kijana wa jirani hapa Migosi, Kisumu, amenunuliwa gitaa, na tangu shule zifungwe mtaa mzima tunajifunza pamoja naye. Anafundishwa na simu. Mikao ya vidole anaijua mingi kuliko mimi, na sauti anayo. Taabu ni moja tu: kila akifika kwenye kiitikio anakimbia. Juzi nilijikuta nimeshika kijiko, nagonga kikombe cha chai ili nimrudishe nyuma, mke wangu akaniuliza nimeanza lini kupiga kelele mezani.

Mwaka 1991, nikamjibu. Kidato cha tatu.

Mliosoma muziki kwenye 8-4-4, ule mfumo wa elimu wa Kenya, mnakumbuka. Sehemu ya somo ilikuwa mistari mitano ya kuandikia noti na vituko vyake, sehemu ilikuwa muziki wa Kiafrika, na huo wa Kiafrika mlitumwa mkautafute kwa wazee. Mwalimu wetu alitupa kazi ya mapumziko ya katikati ya muhula: tafuta mpigaji mkongwe, muulize ana ushauri gani kwa wanafunzi wa muziki, andika kurasa tatu. Mimi na mwenzangu mmoja, wote wa karibu na Luanda ya magharibi mwa Kenya, tukapanda baiskeli za boda kuelekea Khwisero, kwa mzee aliyepiga omutibo tangu ujana wake.

Omutibo ni gitaa kavu, lisilo la umeme, la vidole viwili. Gumba linatembea kwenye besi, kidole cha shahada kinaimba juu, na pembeni kuna mtu wa kugonga chupa ya Fanta. Ndio muziki wa George Mukabi, mtu wa Kisa, huko huko Khwisero, aliyekufa 1963. Mzee wetu alimwona Mukabi kwa macho yake, na ukimpa nafasi angekueleza hata viatu alivyovaa siku hiyo.

Gitaa lake lilikuwa na nyuzi zilizochomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Kapo ya dukani, ile ya kubana nyuzi zote ili sauti ipande, hakuwa nayo; alilaza penseli juu ya nyuzi na kuifunga kwa mpira wa tyubu.

"Mzee, huo wimbo uko kwenye ufunguo gani?" mwenzangu akauliza, daftari tayari.

"Wa koo langu." Akaisogeza penseli. "Asubuhi koo liko hapa. Jioni linashuka hapa."

Likaandikwa.

"Na una ushauri gani kwa wanafunzi?"

"Mnawe mikono kabla ya kushika gitaa la mtu."

Hilo nalo likaandikwa.

"Na pesa, chukua kabla ya saa sita usiku. Baada ya hapo aliyekuita humwoni."

Mimi nilitaka gitaa. Niliponyoosha mkono akanipa chupa, ile ya kioo yenye mbavu, ambayo mwenye duka pale Luanda alikuwa bado anaidai. Akanipa na msumari wa inchi nne.

Akaanza kupiga, nami nikaanza kugonga. Muda si muda gitaa likanyamaza. Mzee hakusema kitu, alitazama kuku. Nikaacha, akaanza tena. Nikagonga, akanyamaza tena, akarudi kwa kuku wake. Kukhu, yaani nyanya wa nyumba ile, aliyekuwa anachambua maharagwe mlangoni, ndiye aliyenihurumia.

"Unamkimbiza, mjukuu wangu."

Lakini mimi nilikuwa namfuata! Kile kidole cha juu kilikuwa kinaruka mbele ya pigo, nami narukia kilipo.

"Nani alikwambia unifuate?" mzee akasema. "Wewe ndiwe barabara. Mimi ndimi baiskeli. Barabara ikianza kufuata baiskeli, tutafika wapi?"

Tukaendelea. Sasa akawa ananichokoza makusudi. Neno analichelewesha, linalofuata analiwahisha, anakatiza ubeti aitikie salamu ya mpita njia, halafu anarudi. Katikati ya wimbo akasimama, akaliegemeza gitaa ukutani, akaingia ndani. Nikabaki nagonga peke yangu, kifundo cha mkono kikianza kuuma, mwenzangu akinitazama kwa huruma ya mtu mwenye kalamu. Nilimsikia mzee akimimina chai, kisha akikoroga sukari kwa mwendo wake, si wangu, na nadhani hata huo ulikuwa mtego. Akatoka na kikombe, akanywa amesimama, hana haraka. Akaketi, akachukua gitaa, akaingia pale pale alipokuwa ameuacha ubeti, bila kuhesabu.

Hapo ndipo nilipolisikia gumba. Lilikuwepo muda wote, chini kule, likitembea na msumari wangu hatua kwa hatua, na kile kidole kilichokuwa kikinipoteza kilikuwa kinachezea nafasi iliyo kati ya pigo na pigo. Aliyekaa mbele yangu ni mtu mmoja, lakini nilisikia wawili, mmoja mwenye subira na mmoja mtundu. Nikacheka peke yangu. Mzee hakucheka. Alimwambia Kukhu neno kwa Kiluhya, Kukhu akaingia ndani, akatoka na koti lake.

Kumbe kulikuwa na matanga ng'ambo ya kijito, na mpiga chupa wa mzee alikuwa amekwenda Nairobi kutafuta kazi. Hayo tuliambiwa njiani. Ruhusa ikatafutwa kwetu, ikapatikana kwa kuwa marehemu alikuwa wa ukoo wa mama.

Ya usiku ule si mengi: karabai, vumbi, mkono uliokufa ganzi. Ilipokaribia saa sita mzee aliweka gitaa chini, akaenda kumtafuta mwenye shughuli, akarudi na noti zilizokunjwa kiganjani, ndipo wimbo ukaendelea.

Miaka yote hii nimewaambia watu kwamba mzee yule alinifundisha muziki kwa kuninyima gitaa. Ni hadithi nzuri, hata mimi naipenda. Ila inawezekana kabisa kwamba alikuwa na pengo la kuziba kabla jua halijatua, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Mpiga chupa wake angekuwepo siku hiyo, labda ningeonyeshwa mikao miwili mitatu ya vidole nikarudi zangu. Sikumuuliza. Huenda angesema haoni tofauti.

Alfajiri alinipa shilingi 10 na nusu mkate, akachukua chupa yake.

Shule ilipofunguliwa, mwenzangu aliwasilisha kurasa tatu kamili, ushauri baada ya ushauri, kuanzia kunawa mikono, na zikasomwa mbele ya darasa. Mimi niliandika juu ya chupa. Karatasi yangu ilirudi na wino mwekundu pembeni: "Kazi nzuri, lakini ushauri uko wapi?"